Laokoon kwa Kiswahili: shajara ya kutafsiri ugomvi wa Wajerumani kuhusu mdomo mmoja

Jumamosi 3 Februari 2024: tunaanza

Naandika hii ili mtu akitaka kufanya kitu kama hichi na kikundi chake asirudie makosa yangu. Mradi ni kijitabu. Vipande vya Wajerumani sita kuhusu Laokoon, yaani Winckelmann (1755), Lessing (1766), Herder (1769), Schiller (1793), Goethe (1798) na Schopenhauer (1819), viwe kwa Kiswahili cha kusomeka kwa sauti barazani, maana kikundi chetu hapa Tanga tuko wanane na tunasoma kwa sauti, mmoja anasoma wengine wanamkatiza.

Kwa asiyemjua, Laokoon ni kuhani wa Troya aliyewaonya wenzake wasiliingize mjini lile farasi la mbao lililoachwa na maadui zao Wagiriki, akalichoma mkuki ubavuni, baadae nyoka wawili wakatoka baharini wakamzonga yeye na wanawe wawili. Virgil, mshairi wa Kirumi, kaisimulia kwenye kitabu cha 2 cha utenzi wake Aeneid. Halafu kuna sanamu ya marumaru, ilifukuliwa Roma Januari 1506 kwenye shamba la mizabibu, mchongaji Michelangelo alikuwa mmoja wa waliokwenda kuitazama, Papa Julius II akainunua, na ipo Vatikani mpaka leo. Sasa kwa Virgil huyu baba analia mpaka sauti inafika kwenye nyota, ila kwenye sanamu mdomo umefunguka kidogo tu. Hapo kwenye mdomo ndo Wajerumani walipokamatana zaidi ya miaka sitini, na mi naona ni ugomvi mzuri kuliko yote niliyowahi kuusoma kuhusu sanaa, kwa sababu ukiufuata unafika kwenye swali la mtu akiumia afanyeje, alie au ajikaze, na tumpe heshima kwa lipi.

Maandishi yote haya ni ya zamani, hayana hakimiliki tena, kwahiyo matini unazipata bure intaneti. Gharama mpaka leo ni bando la 10,000 na kamusi ya Kijerumani ya mtumba 30,000.

Jumapili 18 Februari: wiki mbili zimeliwa na herufi moja

Nimepoteza wiki mbili nzima, na kosa lilikuwa kuchukua pidiefu ya toleo la zamani iliyopigwa picha halafu kompyuta ikajisomea yenyewe maandishi. Zile herufi za kale za Kijerumani zina s ndefu inayofanana kabisa na f, programu inazichanganya, na mi nikawa natafsiri kwa kuamini nilichokiona. Kwenye sentensi muhimu kuliko zote ya Winckelmann, ile inayosema Laokoon anatoa sauti gani, neno lilikuwa limeandikwa "feufzen". Nimelitafuta kwenye kamusi, hamna. Nikafikiri labda ni neno lililokufa, nikaanza kubuni maana kutokana na maneno ya jirani, nikaandika "kuvimba" kwa sababu pembeni anaongelea tumbo na misuli. Siku nne baadae ndo nikaona ukurasa mwingine "fehen" mahali ambapo lazima iwe "sehen", kuona, na hapo nikaelewa kila kitu. Ni "seufzen". Kushusha pumzi kwa uchungu, kuguna, kuugua, huko huko.

Dawa yake: usitumie toleo la picha kama huna haja nalo, tafuta matini iliyochapwa upya na watu. Kama huna njia, fungua picha yenyewe ukague kila f kwa jicho, s ndefu kile kimsitari cha katikati hakivuki kwenda kulia. Nimerudia kurasa zote 11 nilizokuwa nimemaliza.

Ila sasa nina sentensi sahihi. Winckelmann anasema Laokoon "hapazi ukelele wa kutisha kama anavyoimba Virgil, mdomo ulivyofunguka hauruhusu, bali ni" na hapa nimeacha nafasi tupu, maana "seufzen" kwetu ina maneno mengi na kila moja linampeleka mtu mahali pengine. Na ameongeza sifa mbili, sauti ya wasiwasi na ya kubanwa, kama mtu kifua kimembana. Kwa leo nimeweka "kuguna" kwa penseli.

Jumamosi 2 Machi: kikao cha kwanza, na fotokopi iliyoharibika

Winckelmann alikuwa bado hajatia mguu Roma alipoandika haya, alikuwa Dresden huko Ujerumani, na hoja yake ni kwamba maumivu ya mwili na ukuu wa roho vimegawanywa kwa kipimo kimoja kwenye mwili wote wa Laokoon. Mfano wake ni bahari, juu panachafuka chini panatulia, na roho kubwa ndo hivyohivyo. Anasema tungetamani tuweze kuvumilia mateso kama mtu yule.

Nimesoma, na kaka mmoja kwenye kikundi, mvuvi, akanikatiza palepale. Akasema huyo anayesema chini panatulia hajawahi kushusha nyavu, chini kuna mkondo, juu pametulia kama kioo na chini nyavu inavutwa mpaka kamba inakukata mkono. Nimeiandika pembeni ya ukurasa kama alivyosema. Naongeza hapa baadae: miezi miwili mbele nimekuja kuona alikuwa amemjibu Winckelmann kwa njia ambayo Schiller naye ameipita, nitafika huko.

Sasa kosa. Nilitoa fotokopi za picha ya sanamu, nakala nane za kurasa 12, shilingi 100 kila ukurasa, 9,600 jumla, na mashine ilikuwa imejaa tona kupita kiasi. Kila penye kivuli pamekuwa peusi tii. Ule mdomo wa Laokoon, ambao kwenye marumaru ni uwazi mdogo na meno yanaonekana kwa mbali, kwenye karatasi zetu umekuwa tundu jeusi katikati ya uso, na watu wote wakasema huyu analia, tena analia kwa nguvu, we unatuambia anaguna wapi? Nusu saa nzima tumebishana kuhusu mdomo wa fotokopi.

Nikaondoka nimekasirika. Usiku nikaendelea na Lessing, sura ya pili ya kitabu chake kiitwacho Laokoon, nikakuta anasema mdomo ulioachama wazi "ni doa kwenye picha na shimo kwenye sanamu", na kwamba ni kitu cha kuchukiza macho kuliko vyote. Nikaichukua tena ile karatasi mbovu nikaiangalia. Doa. Ndo neno lenyewe, uso wote umekufa, macho hayaonekani tena, ndevu hazionekani, unaangalia doa tu. Hoja yake Lessing ni kwamba msanii hakumzuia Laokoon kulia ili kutuonyesha ukuu wa roho, amemzuia kwa sababu kilio kingemharibu uso, na kwa Wagiriki wa kale sharti la kwanza la sanaa ya macho lilikuwa uzuri. Virgil yeye anaweza kumliza anavyotaka maana kwenye shairi hakuna mdomo wa kuuona, kuna sauti ya kuisikia, inapita na mistari mingine inakuja. Kwahiyo karatasi mbovu nimeamua kuitunza, kwenye kijitabu itakaa mkabala na picha nzuri.

Jumamosi 9 Machi: urahisi, usahili, uungwana

Fungu maarufu kabisa la Winckelmann ni "edle Einfalt und stille Größe". Nilikuwa nimeweka "urahisi wa kifahari na ukubwa wa kimya". Yote manne yamekataliwa kikaoni. Urahisi ni wa bei, fahari ni ya gari na sofa, ukubwa ni wa saizi, na kimya kinafanya sanamu ionekane bubu. Tumefika kwenye "usahili wa kiungwana na ukuu uliotulia", na kwenye uungwana tumekaa muda mrefu, maana kwa pwani neno hilo halikuanza na tabia njema, lilianza na hali ya mtu, muungwana ni asiye mtumwa. Nikaogopa kwamba naingiza historia yetu mahali si pake. Halafu nikakumbuka Winckelmann mwenyewe kwenye kitabu chake kikubwa cha 1764 cha historia ya sanaa ya kale anataja uhuru wa Wagiriki kama sababu mojawapo ya sanaa yao kustawi. Basi neno letu linabeba zaidi ya nilichotegemea, tumeliacha.

Kijana mmoja akatoa hoja ya jando, kwamba mwanaume halii, unajikaza kisabuni mpaka ngariba anamaliza, na Winckelmann anasema hichohicho. Nikamsomea jibu la Lessing: kulia ndo njia ya asili ya maumivu ya mwili, mashujaa wa Homer, mshairi wa Kigiriki, wanaanguka vitani wakilia, Venus, mungu wa kike wa mapenzi, akikwaruzwa anapiga kelele, Mars, mungu wa vita, anapiga ukelele kama wapiganaji elfu kumi, na Philoctetes, shujaa mwenye kidonda kwenye tamthilia ya Mgiriki Sophocles, ambaye Winckelmann alimtolea mfano wa uvumilivu, jukwaani analia kilio cha kusikika. Lessing anasema Mgiriki aliweza kulia na akabaki shujaa. Kijana hakukubali, mzee mmoja akamwambia mi nimelia kwenye msiba wa ndugu yangu mbele ya watu mia, je si mwanaume? Tukaishia hapo kwa heshima. Wiki ijayo mfungo umeanza, vikao tunasimamisha mpaka baada ya Idi.

Jumamosi 20 Aprili: dakika gani, na mkono upi

Mwezi wa mfungo nimeutumia kwa Lessing peke yake, ni mgumu kuliko wote lakini analipa. Msingi wake nimeuweka hivi: uchoraji na uchongaji vinatumia maumbo na rangi yaliyokaa pamoja mahali, ushairi unatumia sauti zinazofuatana kwa wakati, kwahiyo cha kwanza kinafaa kuonyesha miili na cha pili matendo. Mchongaji anapata dakika moja tu, basi aichague vizuri. Asichukue kilele, kwa sababu juu ya kilele hakuna pa kwenda, akili ya mtazamaji inafungwa. "Laokoon akiguna, fikra inaweza kumsikia akilia", lakini akiwa analia tayari, hakuna cha kuongeza.

Hiyo dakika anaiita "prägnant". Programu ya tafsiri ilinipa "dakika yenye mimba", na pale anaposema "fruchtbar" ikanipa "yenye rutuba". Nilizipeleka zote kikaoni kama zilivyo kwa sababu sikuwa na bora, wa mimba wakacheka wa rutuba wakafikiria mbolea, msomaji akashindwa kuendelea. Mama mmoja muuza vitambaa akasema kwani si useme iliyobeba. Dakika iliyobeba. Kwa Kiswahili mwanamke aliyebeba ni mjamzito na hakuna anayecheka, na papohapo dakika imebeba kilichopita na kinachokuja, ndo hasa Lessing anachotaka. Fundisho kwa mtafsiri mwingine: nilikuwa nimetumia siku tatu na kamusi, jibu limetoka kwa mtu aliyelisikia swali mara moja, peleka mapema.

Kosa la pili la leo ni la picha tena. Nimeleta picha mpya za rangi, nzuri, msomaji mmoja akauliza mbona mkono wa kulia umekunjwa nyuma ya kichwa, wakati mchoro wa zamani niliopachika ukurasa wa pili umenyooshwa juu. Sikuwa na jibu. Nimerudi kusoma, kumbe sanamu ilipofukuliwa mkono huo haukuwepo, warekebishaji wakaweka ulionyooka kwenda juu, na ndo Laokoon ambaye Winckelmann, Lessing, Schiller na Goethe wote walimjua. Mkono wa asili aliutambua Ludwig Pollak, mtaalamu wa vitu vya kale, huko Roma mwanzoni mwa karne ya 20, na haukurudishwa mpaka miaka ya 1950 mwishoni. Umekunjwa, bega limevutwa nyuma, nyoka karibu amshinde. Ukiangalia mkono ulionyooka unaona mtu anapambana kwa hadhara, ukiangalia uliokunjwa unaona mtu anaishiwa. Sijui kama Winckelmann angeandika ukuu uliotulia mbele ya huu. Na Lessing alipokiandika kitabu alikuwa hajaiona sanamu yenyewe kwa macho, alifanya kazi na vitabu na michoro. Kijitabuni zinaingia picha zote mbili, na tarehe chini yake.

Jumamosi 4 Mei: Schiller, na neno nililoliacha wazi

Hiki ndo kikao nilichokuwa nakisubiri. Schiller kwenye makala yake ya 1793 kuhusu hisia za mateso kwenye tanzia anaweka sharti mbili: kwanza sanaa ionyeshe maumbile yanayoumia, yaumie kweli, bila hilo hatuna habari, pili ionyeshe uhuru wa kimaadili unaokataa kushindwa na maumivu. Asiyeumia hawezi kutuonyesha chochote, mtu mgumu kama jiwe si shujaa. Nikamgeukia mvuvi nikamwambia huyu ndo wako, mkondo uko chini na mtu anashikilia kamba.

Halafu Schiller anamchukua Virgil na kumsoma polepole. Nyoka hawakumwanza Laokoon. Waliwaanza watoto. Baba alikuwa na nafasi ya kukimbia, akawaendea wanawe na silaha mkononi, na hapo ndo wakamkamata. Schiller anasema ni kama mtu aliyejitoa mwenyewe kwa hiari yake, na mauti yake yanakuwa tendo la hiari. "Willenshandlung" nilikuwa nimeiandika "kitendo cha utashi", neno la darasani, nimelifuta. Hiari linatosha, kila mtu analijua.

Baraza ilinyamaza kidogo. Kisha bibi mmoja, mkubwa kuliko sote, ambaye vikao vyote alikuwa anasikiliza tu na kusuka ukili, akasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikamuuliza, bibi, mzazi akiwa kwenye hali kama ile, hajalia bado, hajanyamaza pia, kifua kimebana, sauti inatoka hivi, na nikajaribu kuitoa, ile sauti inaitwaje? Hakufikiri hata kidogo, ukili haukusimama mkononi. Akasema huyo anapiga kite.

Kite! Nilikuwa nalijua neno lakini nimelisahau kabisa, vijana hatulitumii. Ni ule mguno wa uchungu, hasa wa mwanamke anayejifungua, meno yamekaza na sauti inapenya. Nimefika nyumbani nimefungua kamusi, na kite ina maana ya pili, ni mapenzi, imani kwa mtu, ukisema fulani hana kite naye maana yake hana huruma naye, hamjali. Neno moja linabeba sauti ya maumivu na kumjali mwenzio. Nimekaa nalo mpaka saa saba usiku. Winckelmann anataka mguno wa mtu mkubwa anayejizuia, Schiller anataka baba anayeumia kwa ajili ya wanawe, na kite inawapa wote wawili haki yao bila mi kuongeza chochote.

Nikatoa penseli nikafuta kuguna. Sentensi sasa inasema: "Hapazi ukelele wa kutisha kama anavyoimba Virgil, mdomo ulivyofunguka hauruhusu, bali anapiga kite, cha wasiwasi na cha kifua kilichobanwa." Na kwa Lessing: "Laokoon akipiga kite, fikra inaweza kumsikia akilia." Nimepitia kurasa zote kubadilisha, mara 14. Angalizo, kuna sehemu tatu ambapo Lessing anaongelea kuguna kwa kawaida kwa mtu yeyote, hapo nimeacha kuguna, usibadilishe kila mahali kwa programu kama nilivyotaka kufanya.

Jumamosi 25 Mei: kijitabu kimetoka

Goethe na Schopenhauer wamekwenda haraka. Goethe kwenye makala yake ya 1798 hashughuliki sana na roho, anaangalia kung'atwa: nyoka anauma nyongani, mwili unakimbia kwa upande mwingine, tumbo linaingia ndani, bega linashuka, kila kitu kwenye sanamu kinatokana na jino lile. Anagawa hisia tatu, hofu kwa mtoto mkubwa ambaye bado anaweza kuponyoka, huruma kwa mdogo, na kitisho kwa baba. Anashauri usimame mbali kidogo, ufumbe macho, ufumbue na kufumba tena, utaona marumaru yote inatembea, anaifananisha na radi iliyoganda, na wimbi lililogeuka jiwe likiwa linakimbilia ufukweni. Hii haikunipa shida hata moja kuitafsiri. Schopenhauer amechukua nusu ukurasa, anasema kilio kiko kwenye sauti, si kwenye kuachama, na jiwe halina sauti, kwahiyo kumchonga mtu analia ni kumchonga mtu ameachama tu.

Herder sijaridhika naye. Anampinga Lessing kwamba ushairi si mfuatano wa sauti tu, una nguvu inayopenya roho, "Kraft", na kila nikiweka "nguvu" inasomeka kama ya misuli. Nimeweka "nguvu" na maelezo mistari minne, inakera kusoma.

Gharama: kijitabu kina kurasa 44 ndogo, yaani pande 22 za karatasi kubwa, 2,200 kwa nakala, nakala 15 ni 33,000. Jalada gumu 500 kila moja, 7,500. Kurasa mbili za picha nimeziprinti kwa rangi dukani, sio fotokopi tena, 1,000 kila ukurasa, 30,000. Jumlisha fotokopi zilizoharibika 9,600, kamusi 30,000 na mabando 25,000, inafika 135,100. Kikundi kimechanga 40,000, zilizobaki ni zangu.

Kosa la mwisho limeonekana baada ya kuchapa: ukurasa wa 31 nimesahau "kuguna" moja ambayo ilitakiwa iwe kite. Nimezirekebisha zote 15 kwa kalamu. Nakala ya bibi nimempelekea nyumbani, mjukuu wake anamsomea, wamefika kwa Lessing.